Recap ni Kichwa, Muhtasari ni Kiuno: Funzo Kutoka kwa Potwe wa Mafia

Ukikaa darasani katika chuo kikuu chochote cha hapa kwetu, dakika tano kabla ya kipindi kuisha utasikia: “Haya, tufanye recap.” Ukifungua simu usiku, kuna recap ya mechi, recap ya tamthilia, recap ya kikao ambacho hukuhudhuria. Neno limeshakuwa letu. Hakuna anayeuliza maana yake, kwa sababu kila mtu anadhani anaijua: kurudia kwa kifupi yaliyokwisha kusemwa.

Leo naomba tuulize. Hebu tulifungue neno hilo tuone ndani lina nini, tulilinganishe na maneno yetu wenyewe ya kufupisha, kisha tuyapime yote kwa kazi moja ya sayansi iliyofanyika Kisiwa cha Mafia. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kufupisha si kupunguza maneno tu. Ni kuamua nini kibaki na nini kitupwe, na katika sayansi kinachotupwa kwanza mara nyingi ndicho kilichotakiwa kubaki: namna tulivyokijua hicho tunachosema tunakijua.

Kichwa kidogo cha Kirumi

“Recap” ni neno lililokatwa mkia. Zima lake ni “recapitulate”, kitenzi ambacho Kiingereza kilikitoa Kilatini, recapitulare. Re ni “tena”. Capitulum ni “kichwa kidogo”, kutokana na caput, yaani kichwa. Hicho kichwa kidogo kilikuja kumaanisha pia sehemu ya maandishi yenye kichwa chake, ile tunayoiita sura ya kitabu. Kwa hiyo kufanya recap, kwa maana ya asili, ni kupita tena kwenye vichwa: humsimulii mtu kitabu kizima, unamtajia vichwa vyake kimoja kimoja ili akumbuke.

Nyuma ya Kilatini yupo Mgiriki, naye wazo lake lilikuwa hilo hilo. Walimu wa ufasaha wa Kigiriki walikuwa na neno lao la kuhitimisha hotuba, lililojengwa juu ya kephale, “kichwa”. Mzungumzaji akifika mwisho aliwakumbusha wasikilizaji vichwa vya hoja zake kabla hawajaamua. Weka jambo hili akilini: wasikilizaji hao walikuwa wamekaa pale tangu mwanzo. Hotuba nzima waliisikia. Recap ilikuwa ya kukumbusha, haikuwa ya kufundisha asiyekuwepo.

Ukoo wa caput ni mkubwa na umefika hadi kwetu. Kapteni wa timu ya mtaani kwenu ni mtu wa ukoo huo, maana kapteni ni yule aliye kichwani. Lakini usimchanganye ndugu huyu na recap nyingine ya Kiingereza, ile ya matairi: tairi lililolika linapachikwa mpira mpya juu ili lirudi barabarani. Hiyo imejengwa juu ya neno la kofia. Ila nikisoma baadhi ya recap za sayansi mitandaoni naona kama ni za aina hii ya pili. Juu panang’aa, ndani hujui pakoje.

Kiingereza kina maneno mengine mawili ya kazi hii. “Summary” limetoka kwenye summa ya Kilatini, “kilicho juu kabisa”, neno lililokuja kumaanisha jumla ya hesabu. Sisi nasi tuna “jumla”, tuliyoipata Kiarabuni, na ndiyo maana tunasema “kwa jumla” tunapotaka kufunga maelezo. “Abstract”, ile aya inayotangulia makala ya utafiti, imetoka kwenye kitenzi cha kuvuta kitu na kukitenga na kingine. Moja linapita vichwani, moja linajumlisha, moja linachomoa. Matatu yote tunayatafsiri kwa neno moja la Kiswahili, wakati kazi zake si moja.

Kiinitete kilichoambiwa kifanye recap

Neno hili lina historia nzito ndani ya biolojia, na ni vizuri uijue kabla hujalipenda sana.

Mwaka 1866 mwanazuolojia Mjerumani, Ernst Haeckel, alitangaza kwamba kiinitete kinapokua hufanya recap ya historia nzima ya ukoo wake. Kwa maelezo yake, mtoto wa binadamu akiwa tumboni hupita mbiombio katika maumbo ya mababu zake: mwanzo kama kiumbe cha seli moja, baadaye kama samaki, na kuendelea hivyo mpaka mtu. Mamilioni ya miaka yamebanwa ndani ya miezi tisa. Nadharia hiyo ilipewa jina kutokana na kitenzi chetu hiki hiki.

Utamu wake unauona mwenyewe. Historia yote ya uhai, imefupishwa ndani ya tumbo la mama! Shida ni kwamba kwa namna alivyoieleza, si kweli. Na onyo lilikuwepo mapema. Tangu 1828 Karl Ernst von Baer alikuwa amesema kuwa kiinitete cha mnyama mmoja hakifanani na mnyama mzima wa aina nyingine. Vinavyofanana ni viinitete kwa viinitete, halafu kila kimoja hushika njia yake.

Chukua mfano wa shingo. Kiinitete cha binadamu huwa na mikunjo shingoni, na kiinitete cha papa vilevile. Kwa papa, baadhi ya mikunjo hiyo huja kubeba matamvua. Kwetu sisi huishia kwenye taya, vifupa vya ndani ya sikio na sehemu za koo. Mtoto tumboni hajawahi kuwa na matamvua hata siku moja. Hapiti “usamaki”. Anaanza na malighafi inayofanana na ya papa, kisha anajenga nyumba nyingine.

Haeckel alichapisha michoro iliyoonyesha viinitete vya wanyama mbalimbali vikiwa karibu sawa kabisa. Mwaka 1874 mwanaanatomia Wilhelm His alimshutumu waziwazi kwa michoro hiyo, na mwaka 1997 Michael Richardson na wenzake walipoweka picha za viinitete halisi, tofauti zilizofunikwa zikaonekana. Sasa tuwe waadilifu: Haeckel hakubuni mfanano wote. Mfanano upo, na ni ushahidi mzuri kwamba wanyama wenye uti wa mgongo tuna asili moja. Kosa lake ni la mfupishaji. Alipunguza tofauti ili simulizi ikae vizuri, na wasomaji ambao hawakuwahi kuona viinitete vyenyewe hawakuwa na namna ya kujua kilichopunguzwa.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Recap ya Mgiriki ilisemwa mbele ya watu waliosikia hotuba nzima. Recap ya Haeckel ilisomwa na watu ambao hawakuona chochote isipokuwa recap.

Kwetu ni kiuno

Turudi nyumbani. Shuleni tulifundishwa ufupisho: unapewa habari ndefu, unaambiwa uifupishe kwa maneno yasiyozidi idadi fulani, na ukizidisha unakatwa alama. Kwenye majarida ya kitaaluma makala hufunguliwa kwa ikisiri. Ofisini, kijijini na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa, neno ni muhtasari. Tena muhtasari peke yake Tanzania una kazi tatu: ni habari iliyofupishwa, ni kumbukumbu za kikao, na ni ule mwongozo wa somo anaoufuata mwalimu.

Muhtasari na ikisiri ni ndugu. Yote mawili yametoka Kiarabuni, kwenye mukhtasar na ikhtisar, na mzizi wake ni mmoja. Katika mzizi huo huo limo neno khasr, maana yake kiuno. Ikhtisar yenyewe hutumika pia kwa mtu anayeshika njia ya mkato. Wazo linaloonekana ni la kitu kubanwa katikati kikawa chembamba.

Asili ya neno si sheria ya matumizi yake, nakubali. Hakuna anayefikiria kiuno anapoandika muhtasari wa kikao cha harusi. Lakini kama picha ya kufikiria nayo, mimi naona kiuno kinamshinda kichwa. Kichwa unaweza kukitaja peke yake, ndiyo maana tuna vichwa vya habari, na unajua wenyewe vichwa vya habari vinavyoweza kudanganya. Kiuno hakisimami peke yake. Ni chembamba kuliko kifua na nyonga, ila ndicho kinachoviunganisha. Mtu mwenye kazi nzito hujifunga kibwebwe pale, hajifungi kichwani.

Kwenye utafiti, juu ni swali na chini ni jibu. Kiuno ni njia iliyotutoa kwenye swali ikatufikisha kwenye jibu: tulipima nini, kwa chombo gani, kwa muda gani, na wapi tulikuwa tunakisia tu. Muhtasari mzuri unaweza kuwa mwembamba sana, lakini usikatike hapo.

Pwani yetu iliwahi kulijua hili vizuri. Elimu ya fiqhi ya Kishafii imesomeshwa kwa karne nyingi kwa vitabu vya aina ya mukhtasar. Minhaj at-Talibin ya Imam Nawawi, aliyefariki 1277, ni ufupisho wa kitabu cha Rafii aliyemtangulia. Safinatun Najah, kijitabu kidogo kinachojulikana sana vyuoni, ni kifupi kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kukihifadhi. Lakini hakuna aliyemkabidhi mtoto kitabu hicho na kumwambia “nenda, umeshasoma”. Matini fupi ilikwenda pamoja na sharhi, na sharhi ilikwenda pamoja na mwalimu. Ufupi ulikuwa mlango, na aliyekufungulia alikuwepo chumbani. Ikisiri yetu ya leo inaelea mtandaoni peke yake, bila sharhi, bila mwalimu, na watu wengi wanaoisoma hawataifungua makala yenyewe. Pengine makala imefungwa kwa malipo, pengine Kiingereza chake ni kigumu, pengine ni bando tu limekwisha.

Potwe na miezi isiyo na potwe

Sasa twende Mafia, tuone muhtasari ukifanya kazi na ukiharibu kazi.

Kisiwa cha Mafia kiko mbele ya delta ya Rufiji, mkoa wa Pwani, na makao makuu ya wilaya yako Kilindoni. Wageni wengi wanakifahamu kwa mambo mawili: Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa 1995, na potwe. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Ni papa, lakini hana habari na wewe. Chakula chake ni vijidudu na vijisamaki vinavyoelea majini, na hapo Mafia hufuata makundi mazito ya uduvi. Mgongo wake una madoa meupe, na mpangilio wa madoa kwa kila potwe ni wake peke yake kama alama ya kidole, kwa hiyo mtafiti akimpiga picha ubavuni anaweza kumtambua akimwona tena.

Kwa miaka mingi habari ya potwe wa Mafia ilisimuliwa kwa sentensi moja: wanakuja Oktoba, wanaondoka Februari au Machi. Msimu. Waongoza watalii waliipanga kazi kwa sentensi hiyo. Nayo haikuwa uongo wa mtu. Ilikuwa muhtasari mwaminifu wa macho: miezi ile ukitoka na boti mbele ya Kilindoni unawaona karibu na uso wa maji, miezi mingine huwaoni. Wameondoka, basi. Wameenda wapi? Hakuna aliyejua, na dhana hiyo hiyo ilitumika kwa sehemu nyingi duniani wanakoonekana potwe kwa msimu.

Mwaka 2015 jarida la Biology Letters lilitoa makala ya Fernando Cagua na wenzake iliyoupima muhtasari huo. Walifanya jambo ambalo ukilisikia unajiuliza kwa nini halikufanyika zamani. Kwa miaka miwili waliweka kumbukumbu mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni ya macho: wanatoka na boti, wanahesabu potwe wanaowaona. Ya pili ni ya sauti: baadhi ya potwe walifungiwa vifaa vidogo vinavyotoa milio ambayo sikio la mtu haliisikii, kila kifaa na namba yake, na baharini vikawekwa vipokezi vinavyoandika namba hiyo kila potwe mwenye kifaa anapopita jirani. Kipokezi hakijui kusi wala kaskazi. Hakilali, na hakihitaji potwe awe juu ya maji.

Kumbukumbu mbili hizo hazikukubaliana. Kwa macho, msimu ulikuwa ule ule tunaoufahamu, kilele kikiwa Oktoba hadi Februari. Kwa sauti, potwe walikuwepo mwaka mzima. Katika miezi ya “kuondoka” walikuwa mbali zaidi na ufuko na wakiogelea chini zaidi, huenda kwa sababu chakula chao nacho kilikuwa huko. Kilichoondoka ni uwezo wetu wa kuwaona.

Ona jinsi kosa lilivyokuwa dogo na la kawaida. Hakuna aliyetunga namba. Watu walichukua “hatuwaoni” wakaiandika “hawapo”, na katika kufupisha, neno “tunavyoona” likaanguka njiani. Kiuno kilikatika.

Ikisiri hiyo nayo tuihakiki

Kwa kuwa hii ni safu ya uhakiki, tusiishie kusifu. Ikisiri ya makala hiyo ni nzuri, na nitakwambia kwa nini. Kwanza, inaziweka kumbukumbu mbili ubavu kwa ubavu, kwa hiyo msomaji anaona jibu limetoka wapi. Pili, inasema wazi kwamba dhana ya zamani ilijengwa juu ya kutoonekana. Tatu, na hili ndilo linalonifurahisha zaidi, inapofika kwenye sababu ya potwe kushuka na kusogea mbali, inasema kwa tahadhari. Ina neno moja tu lenye maana ya “huenda”. Kuhama kwao kulipimwa, sababu ilikisiwa. Neno hilo moja linazitenganisha habari hizo mbili.

Sasa fikiria safari ya neno hilo. Ikisiri inasomwa na mwandishi wa habari, anaandika aya tatu. Aya tatu zinasomwa na mwenye ukurasa wa utalii, anaandika mistari miwili. Mistari miwili inageuzwa kuwa maandishi juu ya picha. Kila hatua kuna nafasi ndogo kuliko iliyotangulia, na kila hatua “huenda” ndiyo ya kwanza kutolewa, kwa sababu inaonekana kama udhaifu. Nimewahi kushauriwa mwenyewe niiondoe “huenda” kwenye ikisiri yangu ili isomeke kwa nguvu. Nilikuwa na maneno 250 tu, nikaiondoa. Hadi leo sentensi ile ikinijia inanikera, maana inasema ninajua kitu ambacho nilikuwa nakisia.

Lawama ninayo pia, na inaanzia kwenye kichwa cha makala. Kichwa hicho kinayaita makazi ya potwe hawa makazi ya kificho. Katika istilahi za biolojia neno hilo linakubalika: ni la kitu kisichogundulika kirahisi. Lakini linampa potwe kazi ambayo hakuifanya. Potwe hakujificha. Alikuwa anakula. Aliyekuwa na pazia usoni ni mtazamaji, aliyezoea kutazama karibu na uso wa maji. Kichwa cha habari, yaani ile caput, kimekisogeza kikwazo kutoka kwetu kwenda kwa mnyama. Haya si makosa ya data, ni makosa ya ufupisho.

Lawama ya pili: katika ikisiri hiyo anayetazama ni mtafiti na anayesikiliza ni kifaa. Mvuvi hayumo. Mtu wa Jibondo au Kilindoni anayekwenda mbali na pwani miezi yote ya mwaka ana kumbukumbu ya tatu, ya nyavu na ya macho yake, isiyofuata ratiba ya utalii. Sisemi kumbukumbu hiyo ingetoa jibu lile lile. Kumbukumbu ya mtu nayo ina mapengo yake. Nasema tu kwamba swali “je, kuna mtu anayewaona miezi ile mingine?” lilistahili nafasi hata ya nusu sentensi.

Na kifaa chenyewe kina mipaka yake. Waliosikika ni wale waliofungiwa vifaa, si potwe wote wa Mafia. Kipokezi kinasikia umbali fulani tu. Kama “hatuwaoni” haikuwa na maana ya “hawapo”, basi “hatuwasikii” nayo isije ikapewa maana hiyo.

Kwa nini tugombane kwa ajili ya neno moja? Kwa sababu kuna uamuzi unaoning’inia juu yake. Tangu 2016 potwe amewekwa na IUCN kwenye kundi la wanyama walio hatarini kutoweka. Eneo wanaloonekana zaidi hapo Mafia ni upande wa magharibi, mbele ya Kilindoni, wakati Hifadhi ya Bahari imekaa zaidi kusini na mashariki ya kisiwa. Ukiamini “wanakuja na kuondoka”, unaweza kuwalinda miezi mitano ukapumzika saba. Ukijua baadhi yao wapo mwaka mzima, jarife la mwezi Julai ni hatari kwao sawa na la Desemba. Na kwa upande wa pili, ukimbebesha mvuvi masharti ya mwaka mzima kwa sababu ya muhtasari uliotupa “baadhi” na “huenda”, unamdai alipie uhakika ambao sayansi yenyewe haikuudai. Sentensi moja ikikosewa, kuna mtu Kilindoni atalala bila mboga, au kuna potwe atanasa. Pengine vyote viwili.

Mihtasari mitatu ya jambo moja

Hebu tufanye zoezi, kama lile la ufupisho shuleni. Habari ni hiyo hiyo ya potwe.

Wa kwanza: “Potwe wa Mafia hawahami.” Maneno manne. Umekata kiuno na miguu. Tena hata si kweli, maana katika miezi ile walisogea, ila hawakutoka.

Wa pili: “Utafiti umethibitisha kuwa potwe wanaishi Mafia mwaka mzima.” Huu unakaribia, lakini sikiliza “umethibitisha” inavyonguruma. Potwe gani, wote? Kwa njia gani? Msomaji hana pa kushika.

Wa tatu: “Kwa miaka miwili watafiti walilinganisha potwe walioonekana kwa macho na milio ya vifaa walivyofungiwa baadhi yao. Kwa macho, msimu ulikuwa Oktoba hadi Februari. Kwa vifaa, walikuwepo mwaka mzima, ila miezi mingine walikuwa mbali na chini zaidi, huenda wakifuata chakula.”

Huo wa tatu una maneno arobaini hivi. Unaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu na bado una kiuno: swali, njia, jibu, “baadhi”, “huenda”. Wanaosema watu wa kawaida hawataki maelezo ya njia waende wakakae kwenye kibaraza chochote cha Kilindoni. Mpe mtu habari yoyote ya baharini, swali lake la kwanza litakuwa: “Umejuaje?”

Yatokanayo

Nimesema muhtasari kwetu ni pia kumbukumbu za kikao, na naomba nimalizie hapo, kwa sababu vikao vyetu vina desturi ambayo sayansi ingefaa kuiazima.

Unaijua ratiba. Kikao kinafunguliwa, muhtasari wa kikao kilichopita unasomwa mbele ya wajumbe. Mwenyekiti anauliza kama kuna marekebisho. Yupo mzee atakayenyoosha mkono aseme: “Mwenyekiti, hapo sikusema hivyo.” Panasahihishwa. Ndipo unathibitishwa na kusainiwa, halafu inakuja ajenda ya yatokanayo: tuliyoyaandika yamezaa nini? Inachosha, ndiyo, na wengi husinzia hapo. Lakini angalia kilichomo ndani yake. Katibu hana neno la mwisho juu ya yaliyotokea. Muhtasari wake unarudishwa kwa waliokuwepo kabla haujawa kumbukumbu.

Fikiria ikisiri ya utafiti wa potwe ikisomwa hivyo, kwa Kiswahili, mbele ya wavuvi na waongoza boti wa Mafia, kabla ya kuitwa imekamilika. “Kuna marekebisho?” Mmoja angeuliza vifaa vilifungwa kwa potwe wangapi. Mwingine angesema yeye aliwaona mwezi fulani, mahali fulani. Pengine wangekosea, pengine wangempatia mtafiti swali la miaka miwili mingine.

Kwa hiyo, msomaji, siku nyingine mtu akisema “tufanye recap”, mwache afanye. Akimaliza kutaja vichwa vyake, muulize mambo mawili ya kikao: waliokuwepo wamekubali ndivyo ilivyokuwa? Na yatokanayo ni yapi?